Nyumba ya Kupanga Kando ya Bwawa: Historia Fupi ya Makumbusho ya Sanaa ya Kamakura

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ndivyo walivyosema wahenga, na aghalabu walisema kweli, kwani mwenye nguo yake anaweza kuidai wakati wowote, hata mbele za watu. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya Mkoa wa Kanagawa, nchini Japani, yalipofungua milango mjini Kamakura tarehe 17 Novemba 1951, yalikuwa yamevaa nguo za kuazima toka utosini hadi unyayoni. Kiwanja kilikuwa cha hekalu. Picha zilizotundikwa siku hiyo, za Wafaransa Cézanne na Renoir, zilikuwa za watu, zimeombwa kwa muda na zilikuwa na siku ya kurudi kwao. Hata nchi yenyewe ilikuwa bado haijarudishiwa mamlaka yake: mkataba wa amani uliotiwa saini San Francisco mwezi Septemba mwaka uleule ulikuwa haujaanza kutumika, na jeshi la Marekani lilikuwa lingali na neno la mwisho. Historia hii fupi inaandikwa kwa heshima na shukrani kwa taasisi ile, makumbusho ya kwanza ya umma nchini Japani kujengwa kwa ajili ya sanaa ya kisasa. Shukrani hiyo ina hoja ndani yake. Kuazima kule hakukuwa aibu ya utotoni ya kufichwa na wanaosimulia habari za taasisi waipendayo. Ndiko kulikoyafundisha makumbusho yale kazi yake, na ndiko kulikoyafanya yawe ya umma zaidi ya mengi yaliyokuwa na mali kuyashinda.

Tuanze na mahali. Mkoa wa Kanagawa, kusini-magharibi mwa Tokyo, ulionja kushindwa kwa Japani mapema na kwa ukali. Yokohama, makao yake makuu, iliteketezwa kwa mabomu tarehe 29 Mei 1945. Jenerali MacArthur alitua katika uwanja wa ndege wa Atsugi, mkoani humohumo, tarehe 30 Agosti, na bandari ya kijeshi ya Yokosuka ikawa ya wanamaji wa Marekani, ambao wapo hadi leo. Katikati ya hayo yote Kamakura, mji mdogo wa mahekalu uliokuwa makao ya watawala wa kisamurai tangu mwishoni mwa karne ya 12, ulinusurika. Waandishi na wachoraji wengi walikuwa wakiishi huko tangu kabla ya vita. Kuna bahari, kuna vilima vyenye miti, na treni ya kwenda Tokyo huchukua kama saa moja tu. Ni hao, wachoraji pamoja na wahakiki na wasomi wa sanaa wa mkoa ule, waliompelekea gavana wazo la makumbusho mwishoni mwa miaka ya 1940. Gavana alikuwa Uchiyama Iwataro, mwanadiplomasia wa zamani aliyeuongoza mkoa kuanzia 1947 hadi 1967, miaka 20 kamili. Mtu aliyezoea kuiwakilisha nchi yake mbele ya wageni alielewa haraka kwamba mkoa uliojaa askari wa kigeni unahitaji pia mlango mwingine wa kukutana na dunia. Alikubali. Katika orodha ya wanaostahili shukrani, jina lake haliwezi kushuka chini ya nafasi ya tatu.

Hapa pingamizi la kwanza linajileta lenyewe, na ni pingamizi zito. Watu walikuwa wangali na njaa. Nyumba zilikuwa zimeungua. Ni haki gani kutumia fedha za umma kutundika picha? Jibu rahisi ni kwamba jengo halikuwa la gharama kubwa, na ni kweli halikuwa, kama tutakavyoona. Jibu la maana zaidi liko katika miaka kumi iliyotangulia. Wakati wa vita wachoraji wa Japani waliitwa kulitumikia jeshi kwa brashi zao, na wengi waliitikia. Mwaka 1941, maofisa wa jeshi walipotangaza katika gazeti la sanaa la Mizue kile walichokitaka kwa wachoraji, kijana mmoja kiziwi aitwaye Matsumoto Shunsuke aliandika kuwajibu katika gazeti hilohilo, akimtetea msanii kama mtu aliye hai, mwenye dhamiri yake. Sauti kama yake zilikuwa chache mno. Nchi iliyowahi kuona picha zikigeuzwa silaha ilihitaji mahali ambapo picha ingetazamwa kwa utulivu na raia yeyote, mahali pasipo mamlaka juu ya mchoraji, pasipo chama cha wachoraji, wala duka. Mahali pa namna hiyo hapakuwepo. Jumba la sanaa la Tokyo, lililofunguliwa mwaka 1926, lilikodisha kuta zake kwa vyama vya wachoraji vilivyoshindania sifa. Makumbusho ya Ohara kule Kurashiki, ya mwaka 1930, yalikuwa mali ya mtu binafsi, tena yenye ukarimu mkubwa. Wiki mbili tu baada ya Kamakura kufungua milango, mwezi Desemba 1951, ikatangazwa Sheria ya Makumbusho ya Japani, yenye kifungu kinachosema makumbusho ya umma yasitoze kiingilio isipokuwa pale matunzo yake yanapolazimu. Kwa hiyo wazo kwamba kuona sanaa ni haki ya raia lilikuwa hewani. Kamakura ililitangulia kwa matofali na chuma.

Kwa chuma hasa. Wasanifu majengo kadhaa walialikwa kushindana, wakiwemo Maekawa Kunio, Taniguchi Yoshiro na Yoshimura Junzo, majina ambayo leo hutajwa kwa heshima popote panapozungumzwa usanifu wa Japani. Aliyeshinda ni Sakakura Junzo. Alizaliwa mwaka 1901 mkoani Gifu, akasoma historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kabla ya kuugeukia usanifu, akaenda Paris na kufanya kazi katika ofisi ya msanifu Le Corbusier miaka ya 1930. Banda la Japani alilolisanifu kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1937 lilipata tuzo kuu. Inapendeza kukumbuka kwamba mtu aliyejenga nyumba hii ya picha alikuwa mwanafunzi wa picha kwanza. Alichopewa kilikuwa kidogo: kipande cha ardhi ndani ya viwanja vya hekalu la Shinto la Tsurugaoka Hachimangu, kando ya bwawa la maua ya yungiyungi, na fedha za nchi iliyofilisika. Alichojenga ni sanduku jeupe la mraba lililoinuliwa juu ya nguzo nyembamba za chuma. Kuta za juu zilikuwa mbao za asbesto zilizounganishwa kwa vipande vya alumini, vifaa vya kiwandani, rahisi, visivyojidai. Chini alitumia jiwe la Oya, jiwe laini la volkano lenye vishimo vishimo ambalo Wajapani wamelichonga kwa karne nyingi. Mgeni alipanda ngazi pana za mbele, akazunguka vyumba vya maonyesho ghorofani, kisha akashuka hadi ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu, na kutoka hapo akatokea barazani, juu ya maji.

Baraza hilo lazima lipewe nafasi yake. Nguzo za upande ule zimeingia bwawani na kusimama juu ya mawe ya asili, namna nguzo za nyumba za kale za Japani zinavyokaa juu ya mawe. Jua linapopiga, maji hutupa mwanga wake juu, na dari ya baraza hujaa mawimbi mepesi yasiyotulia. Wasanifu wengi wamelitaja jambo hilo kuliko picha nyingi zilizowahi kutundikwa ndani, na hawakukosea. Makumbusho yalikuwa na kazi moja ya sanaa ambayo hakuna aliyeyaazimisha, na ambayo haikuhitaji bima. Bwawa lenyewe lina jina lenye uzito. Viwanja vya Hachimangu vina mabwawa mawili, moja la ukoo wa Genji walioshinda vita vya karne ya 12, na jingine la Heike walioshindwa. Simulizi husema visiwa vya bwawa la Heike vilifanywa vinne kwa sababu neno la nne, kwa Kijapani, hutamkwa sawa na neno la kifo. Makumbusho ya nchi iliyotoka kushindwa vitani yalijengwa kando ya bwawa la walioshindwa. Pengine ilitokea tu kwa kuwa kiwanja kilichopatikana kilikuwa kile, na hakuna haja ya kudai zaidi. Lakini waliokipokea kiwanja hicho bila kunung'unika walikuwa watu wenye akili.

Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Murata Ryosaku, aliyeiongoza taasisi hadi mwaka 1965. Naibu wake, aliyemrithi na kubaki katika kiti hicho hadi 1980, mwaka aliofariki, alikuwa Hijikata Teiichi, mzaliwa wa Gifu kama Sakakura, mwaka 1904. Anayezungumza juu ya Kamakura huishia kuzungumza juu yake. Alikuwa mshairi katika ujana wake, msomi wa falsafa ya sanaa, mtu aliyeandika juu ya mchoraji Bruegel kwa upendo uleule aliowaandikia wachoraji wa Kijapani ambao hakuna aliyewajali. Yeye na wenzake wachache waliamka asubuhi ya tarehe 18 Novemba 1951 wakiwa na jengo zuri na ghala tupu. Hawakuwa na fedha za kununua Renoir hata mmoja, na Cézanne walizoonyesha zilikuwa na wenyewe. Sasa fikiria kazi ya mtu asiye na mali yake anayetakiwa kuonyesha vitu vizuri mwezi baada ya mwezi. Lazima aende kubisha hodi. Lazima ajue kazi fulani iko kwa nani, imepitia mikono ya nani, mjane gani ameihifadhi katika kabati gani. Lazima amweleze mwenye kitu kwa nini kitu chake kinastahili kuonekana na wengine, na asipoweza kueleza, harudi na kitu. Mwenye hazina anaweza kuwa mvivu kwa miaka mingi bila mtu kugundua, kwa sababu hazina hujitangaza yenyewe. Mwenye kuazima hana nafasi hiyo. Kila maonyesho kwake ni hoja anayopaswa kuishinda upya.

Mfano wa mapema na mpendwa kuliko yote ni wa mwaka 1952. Mchongaji Isamu Noguchi, aliyezaliwa Los Angeles na baba Mjapani aliyekuwa mshairi na mama Mmarekani, alikuwa akiishi wakati huo kaskazini mwa Kamakura pamoja na mkewe, mwigizaji Yamaguchi Yoshiko, katika makazi ya mfinyanzi Kitaoji Rosanjin. Alifinyanga udongo wa Kijapani na kuuchoma katika tanuri la mwenyeji wake, na kazi hizo zikaonyeshwa makumbushoni mwaka huohuo wa 1952. Ukitazama vizuri utaona kwamba karibu kila kitu pale kilikuwa cha kuazima: nyumba, tanuri, udongo, na ukumbi wenyewe. Kutoka kwa Noguchi makumbusho yalibaki pia na Kokeshi, sanamu ya mawe ya mwaka 1951, wanasesere wawili waliosimama bega kwa bega kama wanaosubiri kupigwa picha. Waliwekwa katika ua wa ndani, na vizazi vya watoto wa shule vya Kanagawa vilikua vikiwaona. Miaka mitano baadaye, mwaka 1957, mchoraji Tanaka Mine alichora ukutani mwa mkahawa picha aliyoiita Maisha ya Mwanamke, na wako waliofika kwa ajili ya kahawa na ukuta ule tu. Nao pia walikaribishwa.

Kazi kubwa zaidi ya kubisha hodi, hata hivyo, ilihusu wafu wa Japani yenyewe. Uchoraji wa rangi za mafuta ulikuwa na umri wa chini ya karne moja nchini humo, na historia yake ilikuwa imetawanyika majumbani. Takahashi Yuichi, aliyeishi kati ya 1828 na 1894, ndiye baba yake zaidi ya mtu mwingine yeyote. Alichora samaki wa chumvi anayening'inia kwa kamba, na mchoro huo ni fahari ya Japani leo. Mwaka 1881 alibuni hata jumba la kuonyeshea picha lenye umbo la kuzunguka kama konokono, akafa bila kuliona likijengwa. Kamakura ilimfanyia maonyesho mwaka 1964, na mandhari yake ya kisiwa cha Enoshima, kisiwa kinachoonekana kutoka pwani ya Kamakura, imo katika hazina ya makumbusho. Kabla ya hapo, mwaka 1958, Matsumoto Shunsuke, yule kijana kiziwi wa 1941, alionyeshwa pamoja na mchoraji mwenzake Shimazaki Keiji. Shunsuke alikuwa amefariki miaka kumi nyuma, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Picha yake ya mwaka 1942, ambamo kijana amesimama mkubwa kupita kiasi mbele ya mtaa mtupu, mikono yake ikining'inia, ni mojawapo ya vitu ambavyo makumbusho hayo hutambulikana navyo. Anayesimama mbele yake anaelewa kwa nini mwanzoni mwa historia hii palitajwa haja ya mahali ambapo picha haitumikii amri. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wachoraji Yorozu Tetsugoro, Koga Harue, Kishida Ryusei na wengine: maonyesho yalikuwa utafiti, na utafiti ulirudisha jina la mtu mahali pake. Hazina ilijengeka polepole nyuma ya kazi hiyo, kwa kununua pale ilipowezekana, kwa zawadi, na kwa kazi zilizowekwa amana na wenyewe. Amana huwekwa kwa mtu aliyeonekana akirudisha alichoazima.

Kuna watakaosema kwamba nyumba isiyo na hazina si makumbusho, ni ukumbi wa maonyesho wenye jina kubwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama tofauti kati ya makumbusho na ukumbi ingekuwa wingi wa vitu ghalani. Jumba la Tokyo la 1926 lilikuwa ukumbi kwa sababu halikuwa na lolote la kusema juu ya kilichotundikwa kwenye kuta zake: aliyelipa kodi ndiye aliyesema. Kamakura ilikuwa na ghala tupu, lakini ilichagua, ililinganisha na iliandika, na mtazamaji alitoka akiwa amefundishwa uhusiano ambao asingeuona mwenyewe. Wengine watasema mwanzo wa Cézanne na Renoir ndani ya jengo la mwanafunzi wa Le Corbusier ulikuwa kuiga Wazungu tu. Mwanzo, ndiyo, uliazimwa Ulaya, na hilo lilikuwa tendo la kusema kweli, kwa kuwa wachoraji wa Kijapani wa karne ya 20 walikuwa wamewasoma hao mabwana. Huwezi kumtendea haki mwanafunzi kwa kumficha mwalimu wake. Lililo la kuhukumiwa ni kilichofuata, na kilichofuata ni Takahashi na Shunsuke. Hata maonyesho ya kigeni yaliyokuja baadaye, kama yale ya Edvard Munch ya mwaka 1970, yalikwenda kumtafuta mtu wa Kaskazini mwenye huzuni zake badala ya kurudia majina ambayo umati ulikuwa tayari kuyalipia. Na jengo, kwa jiwe lake la Oya na nguzo zake juu ya mawe, liliazima kwa babu zake mwenyewe kama lilivyoazima Paris.

Pingamizi linalouma zaidi ni kwamba yote haya yalikuwa ya mtu mmoja, na kwamba simulizi za Kamakura zimemfanya Hijikata kuwa mlima unaoficha vilima. Ni kweli kwamba yuko kila ukurasa, na Murata hajapewa haki yake, wala historia hii haijampa. Ila ushahidi wa kazi ya mwalimu ni wanafunzi. Sakai Tadayasu, aliyeingia akiwa kijana katika miaka ya 1960, alikuja kuwa mkurugenzi wa Kamakura na baadaye wa Makumbusho ya Sanaa ya Setagaya mjini Tokyo. Kagesato Tetsuro akawa mkurugenzi wa kwanza wa makumbusho ya Mkoa wa Mie, yaliyofunguliwa mwaka 1982. Mikoa ilipoanza mmoja baada ya mwingine kujenga majumba yake ya sanaa, Hyogo mwaka 1970, Gunma mwaka 1974, Hokkaido mwaka 1977, yalichukua hata jina lilelile la makumbusho ya sanaa ya kisasa. Mtu anayezuru leo makumbusho ya mkoa wowote wa Japani, akakuta chumba cha wachoraji wa mkoa huo karibu na chumba cha wachoraji wa mbali, na daftari la maonyesho lililoandikwa kwa makini na wataalamu wa palepale, anatembea katika nyumba ambayo msingi wake ulijaribiwa kando ya bwawa la Heike.

Miaka iliyofuata inaweza kusimuliwa kwa haraka. Mwaka 1966 lilifunguliwa jengo la nyongeza, pia la Sakakura, aliyefariki 1969. Mwaka 1967 viwanja vya Hachimangu viliwekwa rasmi katika orodha ya mahali pa kihistoria pa taifa. Mwaka 1984 likafunguliwa tawi dogo umbali wa matembezi mafupi, kwenye barabara ya kwenda Kita-Kamakura, lililosanifiwa na Otaka Masato. Mwaka 1999 jengo la 1951 lilichaguliwa miongoni mwa majengo 20 ya mfano ya usanifu wa kisasa nchini Japani. Oktoba 2003 likafunguliwa jumba jipya la Hayama, ufukweni, kwa ushirikiano wa mkoa na sekta binafsi. Mwaka 2007 jengo la nyongeza lilipumzishwa kwa sababu za usalama dhidi ya matetemeko ya ardhi.

Kisha mwenye nguo akaidai. Mkataba wa kiwanja kati ya mkoa na hekalu ulikuwa unamalizika mwisho wa Machi 2016, na ndani ya mahali pa kihistoria pa taifa hapakuwa na nafasi ya kupanua wala kujenga upya. Yalikuwepo mazungumzo marefu, na siku ambazo wapenzi wa jengo hawakulala vizuri, wasanifu na raia wakiomba lisibomolewe. Makumbusho yaliaga kwa maonyesho yenye sehemu tatu yaliyokwenda kinyumenyume, yakianza na miaka ya karibuni na kumalizia na miaka ya 1951 hadi 1965, hivi kwamba wageni wa mwisho, tarehe 31 Januari 2016, walitoka mlangoni wakiwa wamefika mwanzo. Hapa methali ya wahenga inaonekana kushinda kesi. Miaka 64 ya kazi, na mpangaji anafungasha. Lakini mtu apime kwa kulinganisha. Jumba la Tokyo la mwaka 1926 lilisimama juu ya ardhi ya umma, likimilikiwa na umma, na hakuna mwenye kiwanja aliyelidai. Mwaka 1975 likafunguliwa jipya kando yake, na la zamani likabomolewa. Umiliki haukuliokoa. Jengo la Kamakura, ambalo mkoa ulikuwa na kila sababu ya kiuhasibu ya kuliondoa na kukirudisha kiwanja kitupu, lilipokewa na hekalu lenyewe. Nyongeza ya 1966 iliondolewa, kiini cha 1951 kikaimarishwa na kukarabatiwa, na Juni 2019 kikafunguliwa tena na hekalu kama jumba la utamaduni. Mwaka 2020 taifa likakiweka katika orodha ya mali muhimu za kitamaduni. Aliyekuwa mwenye kiwanja kwa miaka 64 ndiye aliyelilinda jengo. Katika miaka hiyo hekalu lilikuwa limeona kilichofanywa juu ya ardhi yake.

Na taasisi yenyewe haikufa, kwa kuwa haikuwahi kuhesabu jengo kama nafsi yake. Anayetaka kuizuru sasa ana mahali patatu. Hachimangu, kutoka kituo cha Kamakura kwa miguu, ataliona jengo la Sakakura likiwa chini ya mwenyeji wake mpya, na siku ya jua dari ya baraza bado inatikisika kwa mwanga wa maji. Juu kidogo ya barabara lipo tawi la 1984, lililofungwa kwa matengenezo na kufunguliwa tena Oktoba 2019. Kisha apande treni hadi Zushi, na basi la kama dakika 20 kufuata pwani hadi Hayama, mahali palipokuwa na nyumba ya mapumziko ya mwanamfalme, ambapo Ghuba ya Sagami hufika karibu na ukuta na mlima Fuji huonekana ng'ambo ya maji hewa ikiwa safi. Shunsuke yumo katika hazina ya huko, na Takahashi, na Yorozu. Kokeshi wawili wa Noguchi nao walihamishwa kutoka ua wao wa zamani, na sasa wanasimama Hayama bega kwa bega kama mwaka 1951, wakipata upepo wa chumvi.